Nimenunua Marekani nzima kwa dola 38

Boksi lilifika Jumanne, mimi nikiwa njiani na tela la matairi. Mke wangu akapiga simu ya video akilizungusha mbele ya kamera. "Baba watoto, umenunua mbao tena?" Nikamwambia hiyo si mbao, ni Marekani. Akafungua, akachungulia, akasema, "Basi Marekani yako imekuja imevunjika."

Ni mchezo wa kupanga vipande, wa plaiwudi nyembamba iliyokatwa kwa leza. Michezo mingi ya aina hii hukupa kipande kimoja kwa kila jimbo. Huu kila kipande chake ni mkataba au manunuzi: nchi ambayo Waingereza waliwaachia Wamarekani mwaka 1783, halafu Louisiana, Florida, Texas, Oregon, nchi iliyotoka kwa Mexico, Gadsden, na Alaska na Hawaii zimewekwa pembeni kwenye visanduku vyao. Vipande 9 basi. Ukivipanga kwa kufuata miaka unaiona nchi ikinenepa kutoka Atlantiki hadi Pasifiki. Nimelipa dola 38, na 6 za kutumiwa. Kampuni siitaji jina. Nimewaandikia barua pepe mbili hawajajibu, na sina haja ya ugomvi na mtu.

Mimi si mwalimu wa historia. Ni dereva wa lori, mtoto wa Tanga, nakaa Columbus, Ohio. Mwaka wa 9 huu naivuka mipaka ya zamani ya nchi hii usiku na mchana, napanga foleni mizani, nalala vituo vya mafuta, bila kujua kwamba hapo ninapokunywa kahawa palikuwa Hispania, au Mexico. Binti yangu yuko darasa la tano na wameanza kusomeshwa habari hizi shuleni. Kila akiuliza nilikuwa namjibu "muulize mwalimu wako". Ndiyo maana nikatoa hela.

Tuanze na ubao wenyewe. Rangi haitoki, hata mkono ukiwa na jasho au mafuta ya maandazi, na vyote viwili vimejaribiwa. Louisiana wameipaka rangi ya embe bichi, nchi ya Mexico rangi ya embe bivu, na mtoto hahitaji kujua kusoma ili avitofautishe. Fremu imenyooka. Lakini kingo hazikupigwa msasa, na harufu ya kuungua imekaa wiki nzima. Nguo zilizokuwa kabati moja na boksi zilitoka kama zimefukizwa, ila si kwa udi.

Kilichovunjika ni kijipembe kilichochomoza juu ya Minnesota, kidogo kuliko ukucha. Mtu mwingine angekitupa. Mimi nilikigandisha kwa gundi, maana nilipokitafuta habari zake niliona ndicho kilichonifurahisha kuliko ubao mzima. Mwaka 1783, pale Paris, Wamarekani na Waingereza walikaa kugawana nchi wakitumia ramani ya John Mitchell ya mwaka 1755. Ramani hiyo iliwafanya waamini kwamba mto Mississippi unaanzia mbali sana kaskazini. Wakaandika kwenye mkataba: mpaka ufike kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Ziwa la Misitu, kisha uende magharibi moja kwa moja mpaka uukute Mississippi. Sasa Mississippi unaanzia kusini ya hapo. Ukienda magharibi kutoka kwenye kona ile utatembea mpaka uchoke, hutauona. Mwaka 1818 wakarekebisha kwa kushusha mstari kutoka ile kona hadi latitudo 49, ndipo wakaendelea magharibi. Kijipembe kikabaki ng'ambo ya ziwa. Mpaka leo ni Minnesota, na ukitaka kwenda kwa gari lazima uingie Kanada kwanza, halafu utoke Kanada uingie tena Marekani. Kosa la mchoraji limekuwa makazi ya watu.

Kijitabu kilichomo ndani ya boksi hakisemi neno kuhusu hilo. Kina kurasa 6, karatasi nzuri, maneno machache, na nitakirudia kwa sababu ndicho kilichonikera.

Kipande kikubwa ni Louisiana. Kukishika tu unaelewa kwa nini watu wanakizungumzia: kinajaza kiganja kizima cha mtu mzima. Zaidi ya kilometa za mraba milioni 2, yaani Tanzania mbili na chenji inabaki, kwa dola milioni 15. Ukipiga hesabu ni chini ya senti 3 kwa ekari. Jumapili tulikuwa tunakipanga huku mama yangu yuko kwenye simu kutoka Tanga, na binti akawa anamuonyesha.

"Shikamoo bibi. Hii Marekani waliinunua kwa Napoleon."

"Marahaba, mke mwenzangu. Napoleon ndiye mwenye shamba?"

"Mkubwa wa Ufaransa."

"Na huyo Mfaransa alipewa na nani?"

"Na Mhispania."

"Na Mhispania?"

Binti akaniangalia mimi. Mama akacheka kule kwenye simu, akasema, "Huyo dalali huyo. Mwenye mali hajatajwa."

Mama ana haki ya kuongea. Marehemu baba aliwahi kuuziwa kiwanja Pongwe na mtu ambaye hakuwa na kiwanja Pongwe. Karatasi ilikuwa na mashahidi wanne na muhuri, na mpaka ukaandikwa unaanzia kwenye mnazi ambao tulipofika ulikuwa umeshakatwa. Kwa hiyo nyumbani kwetu neno "nimenunua" halipiti bila kuulizwa.

Nikaenda kusoma, nikakuta Louisiana ni ile ile Pongwe, imezidi ukubwa tu. Hispania iliirudisha nchi hiyo kwa Ufaransa kwa mkataba wa siri wa San Ildefonso mwaka 1800, na Ufaransa ikaahidi kwamba haitaipa nchi nyingine. Hazikupita hata miaka mitatu. Napoleon alikuwa amepeleka jeshi Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, kuwarudisha utumwani watu waliojikomboa. Jeshi likamalizwa na wapiganaji wa kule na homa ya manjano. Bila kile kisiwa cha sukari, Louisiana ilikuwa haina kazi kwake, na vita na Uingereza vilikuwa vinabisha hodi. Anataka fedha, anataka upesi. Wamarekani, Robert Livingston na James Monroe, walikuwa wanataka mji wa New Orleans tu ili mazao yao yapite mtoni bila bughudha, na waliruhusiwa kufika dola milioni 10 kwa mji huo na Florida. Wakaambiwa chukueni yote. Ni mtu aliyekwenda kununua gurudumu akaondoka na lori.

Na fedha zenyewe! Dola milioni 11.25 zilikwenda Ufaransa kwa njia ya hati za mkopo, nyingine milioni 3.75 zilikuwa za kuwalipa Wamarekani waliokuwa wanaidai Ufaransa. Hati zile zilinunuliwa na benki ya Baring ya London na Hope ya Amsterdam. Benki ya London ikampa Napoleon fedha za kupigana na London. Biashara haina ndugu.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni ya mipaka. Wamarekani walipomuuliza Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, nchi waliyouziwa inaishia wapi, aliwajibu kidalali kabisa: yeye hawezi kuwaelekeza, wamepata biashara nzuri, bila shaka watajua namna ya kuitumia. Hakuna bikoni, hakuna mpimaji. Kaskazini haikujulikana mpaka walipopatana na Uingereza mwaka 1818, na upande wa kusini-magharibi mpaka walipopatana na Hispania mwaka 1819. Sasa angalia ubao wangu: kingo za Louisiana zimekatwa safi kama wembe, na chini wameandika 1803. Bonde la Mto Mwekundu wa kaskazini, kule Fargo, nalo wamelitia humo humo, wakati hilo lilipatikana kwa mkataba wa 1818. Kwa mtoto wa darasa la tano ni sawa. Kwa dola 38 nilitegemea hata alama ya nukta nukta.

Pamoja na hayo, kipande hiki kimenibadilisha barabarani. Nikipita I-70 kwenda St. Louis, nikifika juu ya daraja la Mississippi, natoka nchi ya 1783 naingia mali ya Napoleon, na huwa nasema "hodi" kwa sauti ndani ya kichwa cha lori. Mwenzangu tuliyekuwa tunapokezana usukani mwezi uliopita, Mkongo wa Bukavu, aliniuliza namuitia nani. Nilipomueleza, kesho yake yeye ndiye aliyesema.

Florida na Texas nitazipitia haraka. Kijitabu kinasema Florida ilinunuliwa kwa Hispania kwa dola milioni 5. Hapana. Hispania haikushika hata dola moja. Mkataba wa 1819 uliifanya serikali ya Marekani ibebe madai ya raia wake dhidi ya Hispania, hadi kufikia milioni 5, na fedha zikaishia kwa Wamarekani wenyewe. Texas nayo haikununuliwa wala haikuingia kwa mkataba. Mkataba ulikwenda Seneti mwaka 1844 ukaangushwa kwa kura 35 dhidi ya 16, wakatafuta njia nyingine ya kupiga kura mabunge yote mawili, ikapita mwaka 1845. Na wamechora Texas ya leo, wakati ile iliyoingia ilikuwa inadai ardhi hadi ndani ya Wyoming. Madai hayo yaliachwa mwaka 1850 kwa dola milioni 10 kutoka serikali kuu. Kwenye kijitabu, kimya.

Oregon ni kipande kilichokaa vizuri kwenye fremu kuliko vyote, hakichezi. Mwaka 1846 Marekani na Uingereza walipiga mstari wa latitudo 49 mpaka baharini, ila mkataba haukusema wazi mpaka unapita mkondo upi kati ya visiwa. Mwaka 1859, kwenye kisiwa cha San Juan, mkulima wa Kimarekani akampiga risasi nguruwe wa kampuni ya Kiingereza aliyekuwa anamlia viazi. Majeshi yakaja. Aliyekufa ni nguruwe peke yake. Wakakaa kambi mbili kisiwani miaka 12 na ushee, mwisho wakamuomba msuluhishi, Kaiser Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani, ambaye mwaka 1872 akawapa Wamarekani.

Hapo nikaacha vipande nikakaa. Kaiser huyo ndiye aliyetoa hati ya ulinzi mwaka 1885 kwa zile karatasi za Carl Peters alizosainisha watu wa bara letu. Na miaka mitano baadaye, chini ya mjukuu wake, Wajerumani wakamlipa Sultani wa Zanzibar marki milioni 4 kwa pwani yote ya bara, Tanga ikiwemo. Nilikuwa nimekaa chini, mguu mmoja umekufa ganzi, nacheka historia ya watu wengine, kumbe na sisi tumo kwenye daftari hilo hilo la mauzo. Nilimwambia mama. Akauliza, "Na sisi tulikwenda kwa shilingi ngapi ekari?" Sijampigia hesabu.

Kipande cha Mexico. Hapa kijitabu kimeandika mistari miwili: vita, mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Februari 2, 1848, dola milioni 15. Sawa, bei imepatia. Lakini wameacha kisa ambacho dereva yeyote angekipenda. Rais Polk wa Marekani alimtuma karani mkuu wa wizara ya mambo ya nje, Nicholas Trist, aende na jeshi akapatane na Wamexico. Katikati ya kazi Polk akakasirika, akamwandikia arudi. Barua ilimfikia Novemba 1847, wakati Wamexico ndiyo kwanza wamekubali kukaa mezani. Trist akaona akiondoka vita vitaendelea. Akabaki. Akaandika barua ya kurasa 65 kueleza kwa nini hatii, halafu akasaini mkataba akiwa ameshaachishwa kazi. Ni sawa na dereva aliyefutwa njiani, simu imeshapigwa, kadi ya mafuta imeshafungwa, lakini anaufikisha mzigo mpaka getini na kupata saini ya kupokelewa.

Polk alichukia, ila mkataba ulikuwa na kila kitu alichotaka, akaupeleka Seneti ukapita kwa kura 38 dhidi ya 14. Trist akafukuzwa na mshahara akakatiwa tangu siku aliyoambiwa arudi. Akaenda kufanya kazi kampuni ya reli. Walimlipa haki yake mwaka 1871, mzee tayari. Madereva wenzangu mnaodai malipo ya kusubirishwa bohari, mvute subira.

Siku 9 kabla ya saini ile, Januari 24, dhahabu ilikuwa imeonekana kwenye mtambo wa mbao wa Sutter kule California. Mezani hakuna aliyejua. Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu cha 10 cha kulinda hati za ardhi zilizotolewa na Mexico, Seneti ikakikata kabla ya kuupitisha. Waliokuwa na mashamba wakajikuta mahakamani miaka na miaka kuthibitisha kwamba chao ni chao. Pongwe tena.

Gadsden, ardhi nyingine iliyonunuliwa kwa Mexico. Kipande chenyewe kinatoshana na kidole gumba, kirefu, chembamba, kingo mbili zimechongoka. Siku ya tatu mdogo wake binti, ana miaka 2, alikitia mdomoni. Mke wangu alikitoa kwa kidole huku anasoma dua, na kilipotoka kilikuwa nusu. Nusu nyingine hatukuiona mpaka kesho yake, na pale ilipoonekana hakuna aliyetaka kuirudisha kwenye ubao. Boksi limeandikwa kuanzia miaka 4, ni kweli, na kosa la kuacha vipande sakafuni ni letu. Lakini kipande kidogo hivyo kilitakiwa kiwe kinene, au kiwe na kishikio. Wenye watoto wadogo, panga mezani, hesabu vipande, funga boksi.

Kwangu kipande hicho si kidogo. Nikitoka Willcox kwenda Tucson kwa I-10, na kuendelea mpaka nivuke mto Gila karibu na Phoenix, mto ambao mara nyingi ni mchanga mtupu, niko ndani yake muda wote. Mkataba ulisainiwa Desemba 30, 1853. Ramani iliyotumiwa mwaka 1848 ilikuwa imeuweka mji wa El Paso mahali pasipo pake, hivyo pande zote mbili zikawa zinadai bonde la Mesilla. Na Wamarekani wa kusini walitaka ardhi tambarare ya kupitisha reli. Santa Anna, mkuu wa Mexico, alihitaji fedha. Seneti ikapunguza bei na ardhi, mwisho ikawa dola milioni 10 kwa kilometa za mraba kama 77,000. Hiyo ni senti 53 hivi kwa ekari, kwa jangwa, wakati miaka 50 kabla Louisiana yenye udongo mweusi ilikwenda kwa chini ya senti 3. Reli ilifika Tucson mwaka 1880. Ukiegesha usiku sasa unaisikia ikipita.

Alaska wameiweka kwenye kona, wameipunguza mpaka inaonekana ndogo kuliko Texas. Mtoto wangu aliniambia Warusi waliwapunja Wamarekani. Ilibidi nitoe simu nimuonyeshe kwamba Alaska ingewekwa kwa kipimo kile kile ingetoka nje ya fremu: zaidi ya kilometa za mraba milioni 1.5, dola milioni 7.2, saini ya alfajiri Machi 30, 1867, kati ya William Seward, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, na balozi wa Urusi. Senti 2 kwa ekari. Hili la kipimo ni kosa la ramani nyingi za nchi hii, siwezi kuilaumu kampuni moja.

Nirudi kwenye kile kijitabu. Binti aliuliza swali ambalo mtoto yeyote angeuliza: "Baba, nyumba yetu iko kipande gani?" Nikamuonyesha kile cha 1783. Kijitabu kinasema kilitoka kwa Uingereza. Akaenda nacho shuleni kichwani, akarudi na jina: Greenville. Agosti 3, 1795, baada ya kushindwa vitani mwaka mmoja kabla, viongozi wa Wamiami, Washawnee, Wadelaware, Wawyandot na wengine walisaini na Jenerali Anthony Wayne mkataba wa kuachia sehemu kubwa ya Ohio. Walipewa bidhaa za dola 20,000 papo hapo, na bidhaa za dola 9,500 kila mwaka, zigawanywe kwa mataifa yote yaliyokuwepo. Mstari wa mkataba ule unapita kaskazini ya jiji letu, chini ya saa moja kwa gari. Columbus iko upande ulioachiwa. Kwa hiyo nyumba ninayoilipia mkopo wa benki kila tarehe 1 imetoka kwenye karatasi ile, si kwenye karatasi ya Paris.

Hapo ndipo swali la mama lilipojibiwa. Ile milioni 15 ya Napoleon haikununua mashamba ya watu. Ilinunua nafasi ya kuwa mnunuzi peke yake, kwamba Mhispania, Mfaransa na Mwingereza wasije tena kugonga mlango ule. Mahakama Kuu yao ilikuja kulisema wazi mwaka 1823: mwenyeji anakaa kwenye ardhi, lakini akitaka kuuza, hana ruhusa ya kumuuzia mwingine ila serikali. Muuzaji mmoja, mnunuzi mmoja, na mnunuzi ana jeshi. Waosage wakasaini mwaka 1808 kuachia sehemu kubwa ya Missouri, miaka mitano tu baada ya "kununuliwa". Mikataba ya namna hiyo iliyopitishwa na Seneti ni zaidi ya 350, mpaka Bunge lilipoacha kufanya mikataba na wenyeji mwaka 1871. Baadhi haijaisha mpaka leo. Kwa Milima Myeusi ya Dakota, waliyohakikishiwa Walakota kwa mkataba wa 1868 na kunyang'anywa baadaye, Mahakama Kuu iliamua mwaka 1980 walipwe zaidi ya dola milioni 100. Wamekataa kuzichukua. Na Alaska ile ya milioni 7.2, mwaka 1971 serikali iliwalipa wenyeji dola milioni 962.5 na kuwaachia ekari milioni 44. Yaani mwenye mali alikuja kulipwa zaidi ya miaka 100 baada ya dalali.

Katika kurasa 6 za kijitabu, hayo yote hayana hata sentensi. Sisemi waweke vipande 350, watoto wangelia. Lakini ukinyanyua kipande chochote, chini yake ubao uko mtupu, mweupe, kama vile hapakuwa na mtu. Nafasi ya kuandika ilikuwepo.

Natoa nyota tatu kati ya tano. Moja nimeikata kwa Gadsden na kingo zisizopigwa msasa, nyingine kwa kijitabu. Kwa dola 38 bado ningeununua tena, kwa sababu tangu uje watoto hawajagusa simu Jumapili mbili, na mimi sijasema "muulize mwalimu". Kama unao mtoto wa miaka 9 kwenda juu, chukua. Kama unataka zawadi ya mtoto wa miaka 4, tafuta kitu kingine, hata mpira.

Kipande cha Gadsden tumekikata upya kutoka boksi la majani ya chai, tukagandisha karatasi mbili ili kipate unene. Na ule ubao mtupu wa chini binti ameuandika mwenyewe kwa penseli: Shawnee na Miami hapa kwetu, Osage, Lakota, Tohono O'odham pale jangwani, mengine ameandika kwa herufi ndogo mno sijayasoma. Kipande cha boksi la chai kinakaa, ila upande wa Yuma kinachungulia juu kidogo, na maandishi ya bei ya chai yanaonekana.